Je, Ahadi ya Wakili Yamfunga Aliyemtuma?

Watu wa namna mbalimbali wakifungamana kuondoa dhulma, mara nyingi jambo liwatialo mashakani ni kujua nani mwenye haki ya kusema kwa niaba yao wote. Kufungamana kwenyewe hakuna ubaya. Koo za Kikureshi zilifanya Hilfu 'l-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an ili aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake, naye Mtume (S.A.W.) alihudhuria kabla ya kupewa utume, na baadaye akaisifu. Litakalo kuangaliwa ni mkataba ufungwao na wachache kwa jina la wengi.

Khabari ya mji wa Atlanta, katika Marekani, yafaa kupimiwa jambo hili. Katika mji huo vilikuwako vyuo sita vya watu weusi, vimekaribiana kama nyumba za mtaa mmoja: Morehouse cha wanaume, Spelman cha wanawake, Clark, Morris Brown, Chuo Kikuu cha Atlanta, na chuo cha kusomeshea wahubiri wa madhehebu mbalimbali ya Kikristo. Kila kimoja kilikuwa na mkuu wake, mfuko wake na fahari yake. Na ujirani, kama ijulikanavyo, huzaa mashindano kabla ya kuzaa mapenzi.

Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne wa mji wa Greensboro waliketi dukani penye meza ya chakula waliyokatazwa watu weusi, wakakataa kuondoka. Khabari ikaenea. Wanafunzi wa Atlanta hawakukurupuka. Walikutana vyuo vyote sita, wakaandika waraka, na mwandishi wake mkubwa alikuwa Roslyn Pope wa Spelman. Ukapigwa chapa katika magazeti ya mji tarehe 9 Machi 1960, chini yake majina sita, kila chuo na mtu wake. Walitaja skuli, kazi, nyumba, kura, matibabu, na mengineyo. Baada ya siku sita wakaenda kuketi mahali mbalimbali kwa wakati mmoja, na makumi yao wakakamatwa. Hapo wakala ulikuwa safi: mtumaji ajulikana, mtumwa ajulikana, na jambo walilotumwa limeandikwa.

Walakini mwaka wa pili mambo yalikuja kuwa mazito. Maduka makubwa yalikuwa yamesuswa, wenye maduka wamepata khasara, wakataka sulhu. Mwezi wa Machi 1961 wazee wa watu weusi, pamoja na viongozi wawili wa wanafunzi, Lonnie King na Herschelle Sullivan, walikubaliana na wafanya biashara ya kwamba mgomo wa kununua ukome, na meza zifunguliwe baadaye, baada ya skuli za mji kuanza kuchanganya watoto katika majira ya Septemba. Wanafunzi waliposikia wakaghadhibika. Ulipofanywa mkutano kanisani, wazee walizomewa, hata Martin Luther King akasimama kuwaomba watu wasivunje mapatano.

Wengi waisimuliapo khabari hii husifu hotuba ile. Lakini swali la haki labaki pale pale. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema ya kuwa wakili aliyeambiwa "niuzie" bila ya kuelezwa zaidi, hana ruhusa ya kuuza kwa bei ya kungojewa. Yampasa apokee taslimu. Hapana asemaye kuwa meza ya duka ni sawa na shehena ya nazi. Illa maana ni moja. Viongozi wale walitumwa kufungua meza. Kuakhirisha ni jambo jingine, na halikuwamo katika walilotumwa. Tena walikuwa vijana, wamezungukwa na wazee wenye heshima, na kijana aliyelelewa vyema huona tabu kumkatalia mzee. Hilo ni udhuru kwao. Kwa mkataba wenyewe si ruhusa.

Huenda mtu akasema: wale kanisani walinyamaza mwishowe, na kunyamaza ni ridhaa. Katika madhehebu yetu ruhusa ya nyuma haihuishi mapatano yaliyofungwa pasipo idhini. Hapana budi yafungwe upya. Basi mkutano ule ungefaa kuwa wa kufunga upya, kila chuo kiulizwe, na anayekataa asikiwe, kama walivyofanya katika waraka wa kwanza. Ajabu ni kuwa watu waliojua kukusanya majina sita kwa ajili ya kudai, hawakuyakusanya kwa ajili ya kupokea.

Hata hivyo, mapatano yalipokwisha kukubaliwa, kuyatimiza kulikuwa bora kuliko chuo kimoja kuyavunja peke yake na kuviacha vitano vikiitwa waongo. Meza zikafunguliwa Septemba 1961, kama ilivyoahidiwa. Wenye maduka walikuwa wamekwisha pata sulhu yao tangu Machi. Na wanafunzi waliomaliza masomo yao katikati ya mwaka ule, hawakuwa tena wanafunzi siku ya kuketi.