Je, Semina ya Lazima Inaweza Kumfanya Mtu Awe Mwema?



Huku Lushoto, vyuo vikifungua, vijana wanapanda mlima kutoka Mombo na mabegi yao, wengine wanatoka Mlalo na Mtae. Serikali imeelekeza vyuo vya elimu ya juu na vya kati viwe na Dawati la Jinsia, la kupokea malalamiko na kutoa elimu kuhusu ukatili wa kijinsia na rushwa ya ngono. Elimu hiyo ikitolewa, wengi wanakaa nyuma wanachati. Ukiwauliza, wanakujibu: "Frateri, mtu mwenye tamaa zake atabadilishwa na semina ya saa mbili?"

Swali ni zuri, na jibu langu ni hapana. Moyo unabadilishwa na neema, sala na mazoea mema ya muda mrefu. Lakini je, hiyo ndiyo kazi pekee ya semina?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sheria, ili iwe na nguvu, lazima itangazwe kwa wale inaowahusu. Sasa angalia kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe ajira, cheo au haki yako, ametenda kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni wangapi wanakijua? Binti mwenye sapu, akiambiwa na mwenye maksi zake "tutafutane jioni tuyamalize", anaanza kujikagua mwenyewe: nilivaaje, nilichekaje? Sheria inasema kosa ni la yule mwenye mamlaka. Asipoambiwa hivyo, kifungu hicho kwake ni karatasi tu.

Fungua Danieli sura ya 13. Wazee wawili, tena waamuzi, wanamtaka Susana kimwili, na wanamtishia kumsingizia uzinzi akikataa. Susana alifundishwa na wazazi wake sheria ya Musa, akakataa. Hakupungukiwa maadili hata kidogo, lakini nusura auawe! Kwa nini? Kwa sababu umati uliwaamini wazee kwa ajili ya cheo chao, bila kuuliza swali hata moja. Danieli ndiye aliyesimama, akawatenganisha, akamhoji kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani?

Hapa ndipo ninapoona tunakosea kwenye mafungo yetu. Tunawafundisha mabinti kuwa Susana, halafu umati tunauacha vilevile. Semina ni ya umati: mwenzake wa bweni, kiongozi wa wanafunzi, mhadhiri wa ofisi ya jirani, katekista, frateri. Ni watu watakaoambiwa siku moja. Na njia ya Danieli haimwonei mtu, kwa sababu anayeuliza vizuri anamlinda pia aliyesingiziwa.

Kanisa nalo limejiwekea sharti hilo. Mwongozo wa malezi ya mapadre wa mwaka 2016 unataka sisi waseminari tupewe mafunzo maalumu ya kuwalinda watoto na watu walio katika hali ya udhaifu. Mwaka 2019 Papa Fransisko, katika *Vos estis lux mundi*, aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji, ukiwemo ule wa kutumia vibaya mamlaka. Utakatifu wa mtu haukuchukuliwa kuwa sababu ya kumsamehe darasa.

Basi rafiki, simu weka mfukoni, sikiliza. Rafiki yako akikuambia yaliyompata, usianze na mavazi yake. Msikilize, msindikize Dawati la Jinsia la chuo au la Polisi. Kama ni rushwa ya ngono, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Na jioni ya leo jiulize mbele ya Mungu: ningekuwepo siku ile ya Susana, ningesimama upande gani?

Tafakari njema.