MAFUTA JUU YA JERAHA
Somo: Luka 10:30-37



Msamaria alipomkuta yule mtu njiani, hakuanza kumhubiri. Alimfunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilikuwa na dawa mkononi.

Sisi wazee wa kanisa tuna jambo la kuungama. Ndugu mmoja wa hapa kambini, aliyekunywa waragi kila siku tangu alipokimbia vita, alituomba msaada. Tulimfungia katika chumba cha maombi, tukamwambia aache siku ile ile. Siku ya pili alitetemeka, akaona vitu ambavyo havipo, akaanguka kama mwenye kifafa. Sisi tukakemea pepo! Mke wake ndiye aliyekimbia kumwita muuguzi, na Mungu akamwokoa. Ndipo tukafundishwa: mwili uliozoea pombe nyingi, ukinyimwa ghafula, unaweza kufa. Mtu kama huyo aache akiangaliwa na daktari, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1.

Ziko pia dawa za kusaidia baadaye. Naltreksoni hupunguza utamu wa pombe na ile hamu, hata anayeendelea kunywa aweze kunywa kidogo. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha ya dawa muhimu. Disulfiramu ni ya zamani zaidi: anayeimeza, akinywa pombe, hutapika na moyo humwenda mbio. Kwa hiyo akina mama, msimtilie mume kwa siri katika chakula, ni hatari. Dawa hizi zote ni za kuandikiwa na daktari.

Wengine watasema kumeza kidonge ni kukosa imani. Je, Isaya hakuagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Hezekia (Isaya 38:21)? Mwenye malaria tunampeleka kituo cha afya, wala hatumwiti mwasi.

Lakini kidonge hakisamehi dhambi, wala hakifuti tuliyoyaona vitani. Hapo ndipo kazi yetu: kumtembelea, kusali naye, kumsindikiza kwa daktari. Anayekunywa leo kidogo kuliko jana, tusimcheke wala tusimfukuze.

Nawe unayekunywa kila siku, usijaribu kuacha peke yako kwa siri. Njoo utuambie. Safari hii hatutakufungia mlango, tutakwenda pamoja nawe.

Mungu awabariki. Amina.