Moshi wa Kwenye Kioo na Bangi ya Masisi

Katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mtoto hahitaji mchezo wa video ili aijue bangi. Watoto waliotoka kwenye makundi yenye silaha huko wamesimulia, mwaka baada ya mwaka, jinsi walivyovutishwa kabla ya mapigano ili woga uwatoke. Kadogo, ndivyo walivyoitwa tangu vita vya 1996.

Kwa hiyo lile swali linalowagonganisha wazazi na wahubiri, kama ni halali mchezo kuonyesha sigara na dawa za kulevya, likipanda huku linabadilika sura. Mtoto ameshaona. Kilichobaki ni kuuliza mchezo unamwambia nini juu ya alichokiona.

Wanaopinga wana shahidi mzito, tena Mwafrika. Agostino wa Hippo, katika Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alypius, ambaye wenzake walimburuta hadi uwanja wa mapigano huko Roma. Alifumba macho, akidhani amewashinda. Umati ukapiga ukelele, naye akafumbua kidogo tu, na damu ikamnasa. Alitoka pale akiwa mshabiki wa kile alichokuwa akikichukia.

Hata hivyo, Alypius alikaa akitazama. Mchezaji wa video anatenda: kidole chake ndicho kinachowasha sigara, na mchezo unamjibu papo hapo, ama kwa kumpa kitu ama kwa kumnyang'anya. Katika jibu hilo ndimo yalimo maadili ya mchezo. Chukua Metal Gear Solid ya mwaka 1998. Shujaa wake, Snake, anaingia ngome ya adui akiwa na sigara. Moshi wake unafichua miale ya ulinzi isiyoonekana kwa macho, lakini kadiri anavyovuta, kipimo cha uhai wake kinashuka. Faida na gharama ziko kwenye kioo kimoja.

Fallout 3 ilipita njia nyingine. Mwaka 2008 bodi ya uainishaji ya Australia ilikataa kuiidhinisha, kwa kuwa mhusika alitumia mofini asisikie maumivu. Kampuni ya Bethesda ikaibatiza dawa ile Med-X, na mchezo ukaruhusiwa. Kazi ya dawa ilibaki ileile. Mhusika akishakuwa mraibu wa dawa, nguvu zake hupungua, ila daktari humponya kwa malipo, mara moja, na safari ikaendelea.

Familia iliyompokea kijana kutoka porini haimjui daktari wa namna hiyo.

Lakini kufuta moshi kabisa nako kuna uongo wake. Mchezo wa vita ukimwonyesha kadogo akikimbilia risasi bila bangi, utamfanya aonekane jasiri kwa hiari yake, na kamanda aliyemvutisha atakuwa ametolewa kwenye picha. Anayetetea usafi wa kioo atakuwa amemsafisha mkosaji. Ndiyo maana swali la dhamiri si kama bangi ionekane, ila kama anayeitoa anaonekana pamoja nayo, na kama mlipaji anajulikana.

Huko Ulaya mfumo wa PEGI, ulioanza mwaka 2003, huweka mchoro wa sindano kwenye kasha la mchezo wenye dawa za kulevya, mzazi aonywe. Lakini ndani ya mashine zenyewe za kuchezea mna tantalum, metali inayotokana na koltani. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka na simu za mkononi zikizidi kuenea, bei ya koltani ilipaa duniani, na watu wakamiminika kuichimba Kivu, eneo ilimo Masisi. Rubaya, humuhumu Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka. Kwa mchimbaji wa Rubaya, kasha lile halina mchoro.