MAKADIRIO SI ILIMU YA GHAIBU, WALA SI UWONGO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mpaka hivi leo kila yatajwapo maradhi mapya, barazani husikika neno hili: "Si hawa waliotutisha mwaka 2020?" Neno hili twataka kulipima, kwani likiachwa lilivyo, siku ya maradhi mengine litaangamiza watu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwisho wa mwezi huo wakuu wa afya wakasema kuwa huenda wagonjwa wakafika 10,000 ifikapo mwisho wa Aprili. Aprili ikaisha, na waliohesabiwa hawakutimia 500. Watu wakacheka, wakasema: waongo hawa.

Lakini twawauliza waliocheka: hesabu hiyo ndogo imetokana na nini? Imetokana na waliopimwa, nao walikuwa wachache. Baina ya Aprili na Juni mwaka huo huo, wataalamu wa utafiti walioko Kilifi walichunguza damu za watu zaidi ya 3,000 waliojitolea kutoa damu nchini. Wakakadiria kuwa Mombasa, katika kila watu 100, kiasi cha 8 walikwisha kuambukizwa. Mji wetu una watu zaidi ya milioni moja. Basi hao ni makumi ya maelfu. Na hesabu iliyotangazwa kwa nchi nzima katikati ya Juni haikufika 5,000! Huenda basi makadirio tuliyoyacheka hayakuzidi, bali hesabu tuliyoitegemea ndiyo iliyopungua. Ama vifo, kweli vilikuwa vichache kuliko ilivyohofiwa, na miongoni mwa sababu ni kuwa wengi wa watu wetu ni vijana.

Qur'ani yatufunza, katika Suratul Luqman, aya ya 34, kuwa hapana nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Basi mwenye kukadiria hadai ghaibu. Nahodha akisema, "Tukiendelea na njia hii tutapanda mwamba," kisha mshika usukani akageuza chombo kikasalimika, je, nahodha ni mwongo? Na ajabu ni ya mtu amchekaye daktari kwa hesabu yake mchana, na usiku akenda kwa mpiga ramli, asiye na hesabu wala hoja.

Wakuu wa afya nao wana lao la kujibu. Hutangaza idadi, wakaacha lile sharti la "ikiwa" lililo ndani yake. Kwanza mwenye afya aliambiwa hana haja ya barakoa, kisha Aprili 2020 ikawa lazima. Kubadili rai kwa ilimu mpya si aibu. Aibu ni kuibadili pasi na kuwaeleza watu sababu. Na waliotiwa karantini walipotozwa fedha, wengi waliogopa kupimwa. Ukweli hautafutwi kwa kuwatia watu hofu.

Sisi tuna kiigizo katika Sayyidna Umar (r.a.). Alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni. Akawataka shauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawataka Ansari, wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana arudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa atoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyothibitisha shauri lile. Hitilafu za wajuzi hazikumfanya awadharau, wala kungoja yakini hakukumzuia kujihadhari.

Na katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa waenezao kila habari ya amani au ya hofu, badala ya kuirejesha kwa wawezao kuichunguza. Basi ikija habari nyingine kama hii, tuulize: imehesabiwa vipi? Ina sharti gani? Yatupasa kufanya nini? Tukijibiwa kwa ukweli, tutii. Tukifichwa, tudai. Na tusimtie jirani hatarini kwa ajili ya mzaha wa barazani.

Mwenyezi Mungu atuongoze, na atukinge na kila maradhi. Amin.