Makazi ya Idadi

Iwapo idadi imo ulimwenguni ikisubiri kuonwa, au ni kazi ya akili ya mwanadamu, ni swali lililowashughulisha wanafalsafa tangu enzi za Plato. Lakini ni wachache waliolikabili kwa vipande vya mbao kama Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, ambaye taasisi aliyoifungua Bad Blankenburg mwaka 1837 ndiyo chimbuko la chekechea za leo.

Miongoni mwa vifaa alivyoviita zawadi, cha tatu ni mchemraba wa mbao, yaani umbo lenye nyuso sita za mraba zilizo sawa, uliokatwa kuwa michemraba midogo 8 na kutiwa kisandukuni. Vipande havimwagwi. Kisanduku hupinduliwa mezani, kifuniko kikachomolewa kwa chini, kisha kisanduku kikanyanyuliwa taratibu, ili mtoto aukute mchemraba umesimama mzima kabla hajaugawa kwa mikono yake kuwa nusu, robo na thumni, yaani sehemu ya nane. Kwa Froebel, aliyewahi kuchunguza fuwele huko Berlin, utaratibu huo ulikuwa na maana ya kidini, kwani aliamini kwamba vitu vyote vina umoja wake kwa Mungu, na kwamba mtoto agawaye na kuunganisha huigusa sheria ya umoja huo kabla hajaijua.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliiweka idadi kwingine: uzito na ulaini vimo katika mbao, lakini nane haimo katika kipande chochote, bali huzaliwa na kitendo cha mtoto anayevipanga mstari, akavihesabu, akavizungusha duara, akavihesabu tena na kukuta havikuzidi wala havikupungua. Hoja hiyo ina nguvu, ila haiondoi fumbo la Froebel, kwa sababu mtoto huweza kuamua kwamba jengo lake ni msikiti au garimoshi, lakini hawezi kuamua kwamba robo mbili zisiwe nusu. Ukaidi huo wa idadi ndio somo lenyewe, na mwalimu anayewahi kutaja jibu humnyima mtoto nafasi ya kukutana nao.

Nafasi hiyo imo pia katika vipande vilivyobuniwa na mwalimu Caroline Pratt wa New York mwanzoni mwa karne ya 20, ambavyo urefu wake huongezeka maradufu: mtoto aliyeishiwa na kipande kirefu huweka vifupi viwili ukutani, kisha hupitisha kiganja juu ya kiungo, akakuta pako sawa.