Gundi Ishikayo Penye Damu

JUMATANO

Soma Ayubu 12:7–10 na 13:4. Kwa nini Ayubu anawatuma wazee watatu wenye hekima wakafundishwe na wanyama, kisha muda mfupi baadaye anawafananisha na matabibu wasio na msaada?

Katika makongamano ya wanasayansi wanaobuni vifaa vya tiba kwa kuiga viumbe hai, wanyama wadogo hupewa heshima wasiyoipata bustanini. Mmoja wao ni koa, yule konokono asiye na gamba, ambaye mkulima humjua kama mharibifu wa mboga tu. Koa wa aina ya Arion subfuscus akisumbuliwa hutoa ute mzito unaomgandisha pale alipo, hata kama pamelowa, na adui hupata taabu kumbandua.

Shida iliyowapeleka wanasayansi kwa koa ni shida ya chumba cha upasuaji. Ndani ya mwili wa mwanadamu hakuna mahali pakavu. Ini likipasuka, kulishona ni kazi ngumu, kwa maana nyama yake ni laini na uzi huichana. Gundi zenye nguvu zilizokuwapo zilihitaji mahali pakavu, nazo zilipokauka ziligeuka ngumu na zingeweza kudhuru seli; zile za upole zilishika kwa udhaifu. Kwa hiyo jeraha lilitakiwa likauke kwanza ndipo litibiwe. Jeraha linalovuja damu haliwezi kutii sharti hilo.

Mwaka 2017 Jianyu Li, David Mooney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza katika jarida la Science gundi waliyoitengeneza kwa kujifunza kutoka kwa koa. Hawakukamua ute wake. Walichukua namna unavyofanya kazi. Ute huo una protini zenye chaji chanya, na sehemu ya nje ya tishu za mwili ina chaji hasi, hivyo vitu hivi viwili huvutana. Tena ute wenyewe hunyumbuka, nguvu ya kuuvuta ikasambaa ndani yake badala ya kuung'oa ukingoni. Kiraka chao kilishika tishu za nguruwe zilizopakwa damu. Kiliziba tundu katika moyo wa nguruwe uliokuwa ukijazwa na kupunguzwa kwa mashine, na kwa panya kilizuia damu iliyotoka katika ini. Yote hayo yalikuwa majaribio, si matibabu ya mgonjwa wodini, na ni vema darasa lisiyatie chumvi.

Koa hakuwa wa kwanza. Mwaka 1981 J. Herbert Waite na Marvin Tanzer waliandika kuhusu protini ambayo kome huitumia kujishikiza kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi. Msomaji wa Mambo ya Walawi 11 huenda akatabasamu: kome na koa wote wawili hawamo katika orodha ya vyakula safi. Wameondolewa mezani, lakini Ayubu hakuwaondoa darasani.

Sasa rudi kwenye majivu. Ayubu ameketi akijikuna kwa kigae (Ayubu 2:8), na majipu yamemjaa toka utosini hata nyayo. Marafiki wanaofungua vinywa vyao mbele yake si wajinga, wala si kila neno lao ni uongo. Paulo mwenyewe anatumia neno la Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19. Kosa lao liko katika mpangilio. Soma Ayubu 8:6 na 11:13–15. Bildadi anasema mambo yatanyooka iwapo Ayubu ni safi. Sofari anamtaka kwanza auweke uovu mbali, ndipo atainua uso wake. Dawa yao inahitaji mahali pakavu. Ayubu hana mahali pakavu pa kuwapa, na kadiri wanavyoibandika, ndivyo inavyomchuna ngozi.

Linganisha na Marko 1:40–42. Mwenye ukoma anapiga magoti akiwa bado na ukoma wake. Yesu ananyosha mkono na kumgusa, na ni baada ya kuguswa ndipo ukoma unamtoka. Mpangilio umegeuzwa kabisa. Kila aliyejua sheria za unajisi, akiwa amesimama pale, angetarajia mkono huo usubiri.

Jadilini:

Kwa siku saba marafiki wa Ayubu waliketi naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walikuwa karibu na jeraha kuliko wakati mwingine wowote katika kitabu hiki. Ni nini kilichobadilika kati ya fungu hilo na Ayubu 4:7?

Yupo mtu aliyeacha kuhudhuria darasa lenu wakati mambo yake yalipoharibika? Aliambiwa atengeneze nini kwanza kabla hajarudi, na ni nani aliyemwambia?