Nani Mwenye Nukta? Swali la Haki katika Usomaji

Neno nukta limetwishwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Ni alama ya kukomesha sentensi. Ni sehemu ndogo ya dakika. Ni hoja moja katika mjadala. Katika hesabu huitenga namba nzima na vipande vyake, na hapo kuisahau si jambo dogo: mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 0.5 za dawa akapewa 5 amepewa mara kumi ya haki yake. Nukta hiyohiyo ikiandikwa mjini Berlin katika 1.500 haitengi vipande bali huonyesha maelfu, na msomaji wa Nairobi atakayedhani ni moja na nusu hakukosa macho, amekosa kujua sheria ya walioiandika. Vidole vya asiyeona husoma nukta sita za Braille, na ni mahali zilipo, wala si ukubwa wake, panapozipa maana.

Kutokana na hayo mtu aweza kuharakia kukata shauri kwamba nukta haina maana ila ile inayopewa na msomaji. Rai hii imepata wafuasi wengi katika uhakiki wa fasihi. Wolfgang Iser, katika makala yake ya mwaka 1972 juu ya mchakato wa usomaji, alilinganisha matini na anga la usiku: watu wawili hutazama nyota zilezile, mmoja akaona plau, mwingine akaona upawa. Nyota za matini, kwa maoni yake, hazibadiliki. Ibadilikayo ni mistari inayoziunganisha. Tashbihi hii ni nzuri, na imesaidia kumtoa msomaji katika utumwa wa kutafuta maana moja iliyofichwa na mwandishi kama hazina. Hata hivyo inalifunika swali moja la kimaadili ambalo makala haya yanakusudia kulifunua: je, anayechora mstari baina ya nukta ana deni lolote kwa yule aliyeziweka?

Natuanze na hizo nyota zenyewe, maadamu ndizo zilizoletwa kuwa ushahidi. Mkulima aliyekitazama Kilimia ili ayajue majira ya kulima aliunganisha nukta sita au saba akazipa jina moja. Vivyo hivyo Waarabu waliziunganisha nyota za kundi ambalo Wazungu huliita Orion wakamwona al-Jabbar, jitu la angani. Kwa macho matupu vitendo hivi viwili ni kimoja. Kwa hakika sivyo. Nyota za Kilimia zi pamoja kweli: zimo katika kundi lenye nyota zaidi ya 1,000, zilizozaliwa pamoja na zinazosafiri pamoja, umbali wa miaka-nuru ipatayo 440 kutoka kwetu. Lakini bega na mguu wa al-Jabbar havijuani. Bellatrix, iliyo begani, iko umbali wa miaka-nuru 250 hivi. Rigel, iliyo mguuni, iko umbali wa 860 hivi. Mtu angesimama pembeni, mbali na jua letu, jitu lote lingetawanyika asilione tena. Kwa hivyo si kweli kwamba mistari yote ni sawa kwa kuwa yote imechorwa na mtazamaji. Upo mstari unaogundua udugu uliokuwepo kabla yetu, na upo unaobuni udugu kwa sababu ya mahali tuliposimama.

Tutaitofautishaje mistari hiyo? Mwaka 1767 kasisi wa Kiingereza John Michell alifanya jambo ambalo sisi wahakiki hatujalizoea. Kabla ya kudai kwamba nyota za Kilimia zina uhusiano, alijiuliza: lau nyota zingalitawanywa angani kwa bahati tu, kuna uwezekano gani kwamba sita zing'aazo zaidi zingalikaribiana namna ile? Akapata nafasi moja katika takriban nusu milioni. Michell aliuchora mstari wake bila woga, lakini pamoja nao alitueleza ni kwa kiasi gani ungeweza kuwa wa uongo. Sidai kwamba tahakiki ya shairi igeuzwe kuwa hesabu ya bahati nasibu. Mungu apishe mbali. Ninalolisifu ni ule uungwana wa kuzionyesha nukta peke yake, kisha mstari peke yake, ili msomaji aweze kuukataa mstari bila kuzipoteza nukta.

Watetezi wa uhuru wa msomaji hupenda sana fumbo la nukta tisa. Limo katika kitabu kikubwa cha mafumbo cha Mmarekani Sam Loyd kilichochapishwa mwaka 1914. Nukta tisa zimepangwa tatu kwa tatu, nawe watakiwa uzipitie zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Wengi hushindwa kwa sababu hujichorea moyoni mwao ukuta unaozizunguka nukta hizo, ukuta ambao hakuna aliyeuweka. Jibu hupatikana pale mistari inapotoka nje. Hapo husemwa: mwaona? Mhakiki naye atoke nje ya matini! Sawa, na atoke. Lakini fumbo hili lina upande wa pili usiotajwa. Aliyetoka nje hakusamehewa hata nukta moja. Mistari yake bado ni minne, na kalamu haijainuliwa. Kusoma kunakotoka nje ya shairi kukarudi kupitia kila neno lake ni jambo moja. Kusoma kunakotoka nje na kuziacha nukta mbili tatu kwa kuwa haziafikiani na nadharia ni jambo jingine kabisa, hata kama yote mawili huitwa ujasiri.

Mpaka hapa tumekubali pamoja na Iser kwamba angalau nukta zenyewe zimetulia. Fasihi yetu ya Kiswahili haituruhusu hata faraja hiyo. Kwa karne kadhaa tungo zetu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, mwandiko ambao nukta ni uti wake wa mgongo: umbo lilelile huwa be, te au the kwa kutegemea nukta ngapi zimewekwa na wapi. Waarabu waliijua hatari hiyo mapema. Stakabadhi ya kondoo iliyoandikwa Misri mwaka 643, ambayo imehifadhiwa Vienna, tayari ina nukta juu ya baadhi ya herufi zake. Lakini nukta hizo zilitosha kwa sauti za Kiarabu, ambacho hakina p wala v. Mwandishi wa Kiswahili aliitumia be yenye nukta moja chini kwa b na kwa p pia, na mara nyingi hakuiandika nazali inayozitangulia. Kasira ikasimama mahali pa i na e, dhuma mahali pa u na o. Kwa hiyo be mbili zilizotengwa na alifu, zote zikiwa na fataha, zaweza kusomwa baba, papa, bapa, bamba au pamba. Baadaye baadhi ya waandishi waliazima kutoka mwandiko wa Kiajemi be yenye nukta tatu ili iwe p. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 baada ya kushirikiana na W. E. Taylor kuzikusanya tungo za Muyaka bin Haji, alijishughulisha sana na kuunyoosha mwandiko huu. Hata hivyo hati nyingi ziliandikwa bila msaada huo.

Sasa basi mfikirie mhariri anayeigeuza hati kama hiyo kuwa ya Kilatini. Yeye haunganishi nyota, anaziweka. Anapochagua papa badala ya baba hafanyi kosa, kwani hana budi kuchagua, na pengine mizani, vina na muktadha humwelekeza vizuri kuliko tunavyodhani. Linalotia shaka ni kwamba chaguo lake hupigwa chapa kwa wino uleule wa mshairi. Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940, karne nzima tangu mwaka 1840 unaotajwa kuwa wa kufa kwake mshairi. Kati ya kinywa cha Muyaka na jicho la mwanafunzi wa leo wamepita wenye kukumbuka, wenye kuandika, wenye kunakili na wenye kuchapa.

Patakuwa na atakayeuliza: maiti atadhulumiwaje kwa nukta? Jirani yetu aliye hai tukimtilia neno asilolisema, twaitwa wazushi, naye aweza kuja mlangoni kutukana. Mshairi aliyekufa hana mlango wa kuujia. Sioni ni vipi kutoweza kwake kujibu kutupunguzie wajibu, naona kunauzidisha. Tena aliyedhulumiwa si yeye pekee. Mwanafunzi atakayemkuta papa katika ubeti ataandika kurasa tatu juu ya taswira za bahari, na mwalimu atamtuza alama kwa ufasaha wake, nao wote wawili hawatajua kwamba hatini palikuwa na herufi mbili na chaguo.

Uhariri wetu tayari una adabu ya nusu. Tunapoacha maneno ya mtu tunaweka nukta tatu, alama za dukuduku, na kwa hizo tunaungama kwamba hapa palikuwa na kitu nasi tumekiondoa. Kwa kile tulichokiongeza kuna mabano ya mraba, lakini katika diwani zetu hayaonekani sana. Sababu naielewa: ubeti wenye mizani iliyopangika hupoteza sura ukijaa mabano, na mchapishaji hulalamikia gharama. Lakini tanbihi ya maneno mawili, “au: baba”, hailivunji shairi, na chini ya ukurasa haichukui hata nusu ya mstari.